Wakili na Madai ya Uzembe wa Kitabibu
Mada iliyowasilishwa kwa wananchi na watumishi wa afya



Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishiwa upasuaji: aliyekuja kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la namna hiyo kila mtu huliona. Mashauri mengi yanayomfikia wakili wa madai ya kitabibu hayako wazi hivyo. Mama amempoteza mtoto wakati wa kujifungua. Mguu umelemaa baada ya sindano. Uchungu upo, lakini je, uzembe upo?

Hilo ndilo swali la kwanza la wakili, kwa maana maradhi nayo huua. Mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwake; kwamba wajibu huo ulikiukwa; na kwamba madhara yalitokana na ukiukaji huo. La tatu ndilo gumu zaidi. Ikiwa mtoto angefariki hata kama mkunga angetimiza kila kitu kwa wakati, madai hayasimami.

Mwaka 1957, katika shauri la Bolam, mahakama nchini Uingereza ilieleza kwamba daktari hahesabiwi mzembe iwapo amefuata utaratibu unaokubaliwa na wanataaluma wenye ujuzi katika fani yake. Kipimo hicho hurejewa hadi leo katika nchi nyingi zenye mfumo huo wa sheria. Mwaka 2015, katika shauri la Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisisitiza haki ya mgonjwa kuelezwa hatari kubwa za tiba kabla ya kuikubali.

Ndiyo maana wakili hutafuta maandishi. Husoma faili ukurasa kwa ukurasa: saa mgonjwa alipopokelewa, saa daktari alipoitwa, mapigo ya moyo wa mtoto yalivyoandikwa, fomu ya ridhaa ilivyosainiwa. Kisha huomba maoni ya daktari bingwa asiyehusika. Wakati mwingine, baada ya yote hayo, humweleza mteja ukweli mchungu kwamba hana kesi.

Hapa hapana budi kusema wazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri. Kwa hiyo mdaiwa anaweza kuwa halmashauri yenyewe. Sheria humtaka mdai kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukomo wa madai haya ni miaka mitatu. Anayenyamaza na uchungu wake miaka minne huweza kukuta mlango umefungwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Wananchi, tunzeni kadi za kliniki, vyeti na majibu ya vipimo; ulizeni kabla ya kusaini. Watumishi, andikeni kila hatua na saa yake. Faili lililoandikwa kwa uaminifu humlinda mwenye haki, awe mgonjwa au mganga.