Mashine Moja, Majibu Mawili

Anayekwenda Jozani, mwendo wa kilomita kama 35 kutoka mjini, huenda kumtazama kima punju. Wageni wengi hawaambiwi kwamba kima huyu hula makaa. Huyaokota penye majiko na matanuri yaliyokwisha zimwa, akakaa kitako akatafuna. Wataalamu waliomchunguza miaka ya 1990 walieleza kuwa makaa humpunguzia ukali wa majani ya miembe na mikungu anayokula katika mashamba ya watu. Kumbe kima analijua tumbo lake. Sisi yetu hatuyajui, ndiyo maana tunakwenda kwa daktari.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, anayekaa kijiji kimoja jirani na msitu ule. Mwaka juzi, akiwa na miezi minane, alianza kulia huku akikunja magoti hadi kifuani. Akinyamaza kidogo kama hana kitu, halafu analia tena. Bibi yake akasema chango, akamkanda kwa mafuta. Kesho yake mtoto akatapika, wakampeleka hospitali, ambayo jina lake nalihifadhi. Mashine ya ultrasaundi ilikuwapo. Akapakwa ile dawa baridi yenye utelezi, kipimo kikapitishwa tumboni, mama akaambiwa: hakuna kitu, ni gesi tu, rudini nyumbani.

Usiku mtoto akatoa choo chenye damu na makamasi. Wakarudi mbio. Safari hii walimkuta daktari mwengine, kijana. Alichukua mashine ileile, akabonyeza tumbo taratibu, akasimama pahala pamoja, akamwita dada yangu atazame. Kwenye kioo palikuwa na duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Utumbo ulikuwa umeingia ndani ya utumbo, mfano wa mkono wa kanzu unapojipenyeza ndani wakati wa kuivua. Mtoto alipasuliwa usiku ule, na kipande cha utumbo kilichokwisha kufa kikakatwa. Yu hai, alhamdulillahi. Lakini lau ingejulikana siku iliyotangulia, pengine utumbo ungerudishwa kwa kusukuma hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa, bila kisu.

Mashine hii si kamera. Hutoa sauti isiyosikika na sikio letu, ikagonga viungo na kurudi, kama popo anavyojua penye mti gizani. Haina mionzi, ndiyo maana inafaa kwa mtoto na mjamzito. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza habari zake za matumbo mwaka 1958. Ila hewa huizuia sauti hiyo, na utumbo umejaa hewa, kwa hiyo kwa miaka mingi utumbo ulionekana si kazi yake. Mwaka 1986 daktari wa Uholanzi, Julien Puylaert, alionesha kuwa ukikandamiza tumbo polepole, hewa husogea, na kidole tumbo kilichovimba huonekana. Ukuta wa utumbo mzima kwa kawaida hauzidi milimita 3. Ukinenepa, iwe kwa kifua kikuu cha tumbo au homa ya matumbo, jicho lililofundishwa huuona. Lisilofundishwa huona mawingu.

Sisi Zanzibar chombo hiki si kigeni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilitumika Pemba kutazama madhara ya kichocho. Lakini muulize mtu wa Darajani leo ultrasaundi ni ya nini; atakwambia ya mimba.

Mafunzo yake si semina ya siku mbili yenye posho na cheti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998 ilitaja miezi 3 hadi 6, na wagonjwa 300 hadi 500 chini ya usimamizi, na hiyo ni ngazi ya kwanza tu. Nami naona mkono uliofundishwa nusu una hatari kuliko kutokuwa na mashine kabisa. Bibi akisema chango, mama bado ana wasiwasi. Mashine ikisema hakuna kitu, mama hulala. Yule wa kwanza alikuwa na haki ya kusema "sikuona", wala si "hakuna".

Kijana yule nilimwuliza alijifunzia wapi. Akanambia alikaa miezi minne bara, kando ya mzee mmoja. Kila tumbo alilolitazama alilifuata hadi chumba cha upasuaji, apate kujua kama alisema kweli, na mwanzoni mara nyingi alikuwa amekosea. Majuzi nilikwenda kumshukuru. Nikaambiwa amehamishiwa ofisini, anashughulikia mafaili. Nikauliza, nani anashika mashine sasa? Wakanambia bado hajaletwa mtu.