Matunzo ya Mtoto Hayasubiri Talaka

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria na wajumbe wa mabaraza ya kata



Nimeombwa nizungumzie maswali ya ndoa, talaka na watoto ambayo wananchi wanatuletea ofisini. Sitayajibu kwa urefu unaolingana, maana mengine yanamalizwa kwa sentensi moja na mengine yanawapotezea watu miaka. Ninachozungumzia ni sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Zanzibar wana utaratibu wao, na talaka za Waislamu huko huamuliwa na Mahakama ya Kadhi.

Swali linaloongoza ni hili: "Mume wangu ameondoka lakini hatujaachana rasmi. Naruhusiwa kudai matumizi ya watoto?" Na linalofuatana nalo: "Sisi hatukufunga ndoa, nitamdai kwa kipi?" Wote wawili jibu lao ni ndiyo. Matunzo ni haki ya mtoto, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, na hayasubiri talaka ya wazazi. Nimewaona akina mama waliozungushwa kati ya mjumbe, baraza na kanisa kwa kuambiwa "malizeni kwanza mambo ya ndoa yenu", huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Anayetoa ushauri huo anakosea. Ombi la matunzo linasimama peke yake. Linapelekwa Mahakama ya Watoto, ambako hakimu husikiliza faraghani, bila mbwembwe za mahakama ya kawaida. Tena si lazima mwombaji awe mama. Baba anayelea anaweza kuomba, bibi au mlezi mwingine anaweza, hata ofisa ustawi wa jamii anaweza.

Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na kazi hiyo hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwananchi haendi kule mwenyewe na mtoto mkononi. Maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa na sheria, zikiwemo mahakama na ofisi ya ustawi wa jamii.

Kisha linakuja suala la kiasi. Sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilidumu vitabuni hadi sheria ya 2009 ilipoifuta. Leo hakuna kiwango maalumu. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Wapo wanaotaka kiwango kimoja cha nchi nzima. Mimi siafikiani nao, kwa sababu dereva wa bodaboda wa Kibondo na mhandisi wa mgodini Geita hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Ila uhuru huo wa hakimu unamtaka mwombaji aje na hesabu, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoanguka.

Ngoja nioneshe inavyokuwa. Hakimu anauliza, "Mama, unaomba shilingi ngapi kwa mwezi?" Mama anajibu, "Mheshimiwa, anisaidie tu, yeye mwenyewe anajua." Hakimu anauliza tena, "Baba wa mtoto anafanya kazi gani?" "Ana maduka." Maduka mangapi, ya nini, yako wapi? Kimya. Baba anasimama, anasema duka ni la kaka yake, yeye ni mwuzaji tu, na ana uwezo wa elfu thelathini. Hapo hakimu afanyeje?

Mfano huo huo, mama akija na daftari la shule la kurasa 40, mambo yanageuka. Ameandika unga na mchele wa mwezi, maziwa, mkaa, nauli ya shule, michango, daftari na viatu, dawa za pumu, sehemu ya kodi ya chumba. Ameambatisha risiti alizonazo. Ametoa kwenye simu kumbukumbu za fedha ambazo baba alikuwa akituma kabla ya ugomvi, na zinaonesha kuwa mwaka jana alikuwa akituma laki na nusu bila kulalamika. Ana picha ya kibao cha duka na jirani wa kutoa ushahidi. Huyu hahitaji wakili wa gharama. Kumtayarisha hivyo ndiyo kazi yetu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua kwa kazi hiyo. Baba akipuuza amri, mahakama inaweza kuikazia, ikiwa ni pamoja na kugusa kipato chake.

Sasa hadithi ya miaka 7. Karibu kila mtaa unaamini kwamba mtoto akitimiza miaka 7 ni wa baba, na wapo wanaokwenda kumchukua siku hiyo hiyo kama mzigo uliofika stendi. Sheria haisemi hivyo. Inasema mtoto wa chini ya miaka 7 anadhaniwa kuwa ni heri akae na mama, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya miaka 7 dhana inaondoka, basi. Hakuna panaposema mtoto anahamia kwa baba. Linalotangulia ni ustawi wa mtoto: nani amekuwa akimlea, shule yake iko wapi, ndugu zake wako na nani, na yeye mwenyewe anasemaje ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake. Mila za jamii zinatazamwa pia, mahari ikiwemo, lakini haziwezi kushinda ustawi wa mtoto.

Na mzazi asiyekaa na mtoto ana haki ya kumwona. Mama asimfungie mlango baba kwa sababu hajaleta hela, wala baba asizuie hela kwa sababu hajaoneshwa mtoto. Kila moja lina ombi lake.

Kuhusu talaka, nitasema na wazee wa mabaraza. Shauri la talaka haliendi mahakamani kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache, mfano mwenzi ametoroka na hajulikani alipo. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, inahitajika kwanza ruhusa ya mahakama. Hati ya baraza iseme wazi kuwa usuluhishi umeshindikana, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa. Kibarua cha "tumeshindwa, nendeni mahakamani", kisicho na majina kamili wala tarehe ya kikao, kimekwisha kubomoa mashauri yaliyofika hadi rufani. Watu wanarudishwa mwanzo kwa kosa la mwandishi wa baraza. Na mume Mwislamu aliyetuma talaka kwa meseji kabla ya kufika barazani ajue kuwa kwa sheria hii ndoa bado ipo mpaka mahakama iivunje.

Mali nitaigusa tu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi hawajui kuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha. Na wanaoishi pamoja miaka 2 wakajulikana kuwa mke na mume, sheria inawadhania wana ndoa, lakini dhana hiyo nayo inapingika.

Ndugu zangu, mzazi akifika ofisini kwenu, kabla hamjamwuliza mwenzake amemkosea nini, mwulizeni mtoto anakula nini, anasoma wapi, na mwezi huu nani amelipa. Andikeni majibu, wekeni tarehe, na mfikisheni kwa ofisa ustawi wa jamii wiki hiyo hiyo.