Koo Linauma, Moyo Unaumia

Leo tuongee juu ya koo. Ndiyo, koo: mafindofindo, au "tonses" kama mnavyoyaita bwenini. Mwanafunzi ana homa, hata uji haumezeki, siku ya nne huyo uwanjani. Nani atakumbuka zahanati?

Sasa sikiliza. Mara nyingi koo huumizwa na virusi, nalo hupona lenyewe. Lakini mara nyingine mwenye shughuli ni bakteria aitwaye streptokokasi. Mwili hutengeneza kingamwili, askari wa kumpiga. Shida ni kwamba bakteria huyu ana sehemu zinazofanana na za moyo wetu. Kwa baadhi ya watu askari hao huchanganyikiwa: adui amekwisha, wao wanampiga mwenye nyumba. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba, halafu kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na hupata zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 15. Usiseme karogwa! Goti hupona. Vali za moyo, ile milango inayozuia damu isirudi nyuma, ndizo hubaki na makovu, hasa homa ikirudi tena na tena. Ukifika miaka ishirini na kitu, mkungu mmoja wa ndizi unakuhemesha kama mzee. Kwa msichana, mimba inaweza kuwa hatari. Upasuaji wa vali hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hesabu mwenyewe nauli kutoka Bukoba.

Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa hii. Kwa hiyo koo likiuma na una homa, bila mafua wala kikohozi, nenda ukapimwe. Kukata kimeo ni kuongeza kidonda tu, na vidonge alivyobakiza mwenzako si dozi.

Aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Inauma, sikatai. Lakini jirani zetu Uganda waliijaribu kwa watoto na vijana 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika kimyakimya, na matokeo yalitangazwa 2021. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa 3 kati ya 399 waliochomwa sindano. Kwa wasiochomwa, 33 kati ya 400.

Basi rafiki yako akisema tarehe ya sindano imeangukia siku ya mechi, msindikize Rubya au Ndolage. Mpira mtacheza Jumamosi ijayo.