Zebaki Angani na Wajibu wa Mlinzi wa Mpaka

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na askari wa Jeshi na Polisi mnaolinda Kasese na Bwera.

Mwananchi wa Kasese hahitaji kufundishwa maana ya taka za madini. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha marundo ya mabaki kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 yalidhihirisha nguvu za mto huo. Taka hizo zaonekana kwa macho. Leo tunazungumzia taka isiyoonekana wala kunusika, nayo ni zebaki iliyomo hewani.

Mchimbaji mdogo wa dhahabu huichanganya zebaki na mchanga uliosagwa, ikashikamana na dhahabu. Kisha donge hilo huchomwa motoni: zebaki hupaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilitoa hewani tani zipatazo 2,220 za zebaki, na asilimia 38 hivi zilitokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mvuke huo hukaa angani kwa miezi mingi na kuvuka mabara kabla ya kushuka kwa mvua. Ukifika majini, vijidudu huugeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki humfikia mama mja mzito na kuudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Je, kitu hiki hupimwaje? Katika hewa ya mahali palipo mbali na viwanda na machimbo, mita moja ya ujazo huwa na nanogramu moja hivi ya zebaki, yaani sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni elfu. Chombo cha kupimia huvuta hewa na kuipitisha juu ya dhahabu safi. Dhahabu huinasa zebaki, kama inavyotokea mikononi mwa mchimbaji. Kisha hupashwa moto, na mvuke unaotoka husomwa kwa mwanga maalumu. Kituo cha Cape Point, Afrika Kusini, kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1995, lakini vituo vya namna hiyo ni vichache mno barani Afrika.

Hata hivyo, milima yetu ya Rwenzori imetunza kumbukumbu yake yenyewe. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha matokeo ya kuchunguza tope la chini ya maziwa ya mlimani humo, tabaka baada ya tabaka. Waligundua kwamba zebaki inayoshuka kutoka angani imeongezeka tangu karne ya 19. Maziwa hayo hayana kiwanda wala mgodi kando yake. Sumu ililetwa na upepo.

Ili kujua inatoka wapi na itashukia wapi, wataalamu hutumia kompyuta. Huigawa anga katika vyumba vingi vya kufikirika, wakaingiza humo upepo, mvua, joto, na kiasi cha zebaki kinachotolewa kila mahali. Kisha jawabu hulinganishwa na vipimo vya vituo. Lakini hesabu haiwezi kuwa bora kuliko takwimu zilizoingizwa. Zebaki inayopita kwa magendo haimo katika daftari lolote. Na palipo na pengo katika daftari, mtaalamu hubaki kukisia.

Hapa ndipo wajibu wenu unapoanza. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019. Chini ya mkataba huo, zebaki haiuzwi kutoka nchi moja hadi nyingine bila idhini ya maandishi ya nchi inayoipokea. Barabara ya Bwera yapita Mpondwe hadi Kasindi, na kuelekea Beni na Butembo; machimbo ya dhahabu yako Ituri, na kwetu yako Buhweju. Chupa ndogo yenye uzito usiolingana na ukubwa wake yapaswa kutiliwa shaka. Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Askari asiimwage, asiichome, wala asiigawe; aifunge vizuri, aandike uzito wake, tarehe na mahali ilipokamatwa, kisha aikabidhi kwa wenye mamlaka.

Mvuke hausimami kizuizini kukaguliwa. Chupa husimama. Aliyepo kizuizini na aandike kwa uaminifu, maana mstari mmoja wa daftari lake ni sehemu ya ulinzi wa taifa.