Kugeuza Umbizo la Picha kwa Ajili ya Mandhari ya Eneokazi: Nini Kinatupwa, na Nani Anaamua



Mwaka 1996 mpigapicha Charles O'Rear alisimama kando ya barabara katika Kaunti ya Sonoma, California, akapiga picha ya kilima cha majani mabichi chini ya anga la buluu. Alitumia kamera ya Mamiya RZ67 na filamu ya Fuji Velvia. Baadaye Microsoft waliinunua picha hiyo, wakaiita Bliss, na mwaka 2001 ikatoka na Windows XP ikiwa mandhari ambayo mtumiaji aliikuta akiwasha mashine mara ya kwanza. Wengi wetu walimu wa somo la kompyuta tulijifunza kompyuta tukiitazama.

Ninachotaka mkiangalie leo ni faili lake. Liliitwa Bliss.bmp, pikseli 800 kwa 600, baiti 1,440,054. Zidisheni 800 kwa 600, kisha mara tatu, maana kila pikseli ina baiti moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu: mnapata 1,440,000. Baiti 54 zilizobaki ni kichwa cha faili, kinachotaja upana, kimo na idadi ya biti kwa kila pikseli. Hakuna kilichobanwa. Upunguzaji wote, kutoka filamu kubwa hadi skrini ndogo ya wakati ule, ulikwisha kufanywa kabla faili halijamfikia mtumiaji. Huo ndio msimamo wangu katika mada hii: kugeuza umbizo ni kuamua nini kitupwe, na uamuzi huo ufanywe mara moja, mwishoni mwa kazi, na mtu anayejua anatupa nini.

Kabla ya Windows Vista, mfumo ulipokea BMP tu pale programu ilipouagiza kuweka mandhari. Mtumiaji akichagua JPEG, ilibidi itengenezwe nakala ya BMP nyuma ya pazia. Siku hizi JPEG na PNG hupokelewa bila taabu, na shida imehamia kwingine: kwenye HEIC, ambayo Apple waliianzisha katika simu zao mwaka 2017 kwa toleo la iOS 11, na WebP ya Google ya mwaka 2010, ambayo mwanafunzi huipata akihifadhi picha kutoka mtandaoni. Mashine za zamani za maabara haziyajui maumbizo hayo.

Hapo ndipo mwanafunzi anapofuta .heic mwishoni mwa jina na kuandika .jpg, akaamini amegeuza. Jina la faili halibadili kilichomo. Ninapendekeza zoezi hili kwa kila darasa: fungueni nakala ya faili la picha kwa Notepad, msome herufi za mwanzo, kisha mfunge bila kuhifadhi. BMP huanza na BM. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. PNG huonyesha PNG baada ya alama moja tu. Katika JPEG kwa kawaida mtaona JFIF au Exif, katika WebP mtaona RIFF na WEBP, na katika HEIC mtaona ftyp. Baadhi ya programu husoma alama hizo na kulipuuza jina, ndiyo maana hila ya kubadili jina wakati mwingine huonekana imefaulu. Mwanafunzi aliyeziona herufi hizo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa umbizo ni nini.

JPEG inastahili muda zaidi, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia kila siku na hupoteza mengi. Kiwango chake cha mwaka 1992 kimejengwa juu ya hesabu ambayo Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa Bangalore, India, aliichapisha na wenzake mwaka 1974. Picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande, mabadiliko ya taratibu ya mwanga hutenganishwa na yale ya ghafla, kisha haya ya ghafla, ambayo jicho huyaona kwa shida, hupunguzwa usahihi au kufutwa kabisa. Rangi nazo hupunjwa: mara nyingi pikseli nne hugawana kipimo kimoja cha rangi, huku kila moja ikibaki na mwanga wake. Kwa picha ya msitu au ya soko lenye watu wengi, hutaona tofauti. Kwa nembo ya shule yenye maandishi mekundu juu ya buluu, kingo za herufi huchafuka, na hakuna kiwango cha kawaida cha ubora kitakachoziponya kabisa. Nembo ihifadhiwe PNG.

Kila mara JPEG inapofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa tena kama JPEG, upunguzaji unarudiwa. Kuigeuza kuwa PNG baadaye hakurudishi kilichopotea. Faili linanenepa tu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa tena njiani, kwa hiyo mwombeni aliyeipiga aitume kama hati. GIF ya mwaka 1987 ina rangi 256 tu, na anga la machweo hugeuka mistari. Isitumike kwa picha za kamera.

Windows yenyewe pia inabana. Ukiweka JPEG kuwa mandhari katika Windows 10, mfumo hutengeneza nakala yake kwa ubora wa asilimia 85, na hiyo nakala ndiyo unayoiona. Inakaa katika folda ya Themes ndani ya AppData kwa jina la TranscodedWallpaper, bila kiambishi cha jpg. Anayesimamia maabara anaweza kupandisha kiwango hicho hadi 100 kwa thamani ya JPEGImportQuality katika rejista, chini ya Control Panel\Desktop. Ndiyo maana nasisitiza kubana mara moja: hata ukiwa mwangalifu, kuna mbanaji mwingine anakusubiri.

Umbo la picha nalo ni sehemu ya kugeuza, na hapa mashine isiachiwe iamue. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000, ikikatwa ienee skrini ya 16 kwa 9, hubaki 4000 kwa 2250: robo imekwenda. Ikiwa ilipigwa simu imesimama wima, zaidi ya nusu inakwenda, na mara nyingi vichwa vya watu ndivyo vinavyotangulia. Ikateni kwa mkono, mkiangalia nani anabaki ndani.

Kwa mashine nyingi kwa pamoja natumia ImageMagick, programu ya bure. Kwa skrini za 1366 kwa 768 amri ni hii:

magick asili.heic -auto-orient -resize "1366x768^" -gravity center -extent 1366x768 -quality 92 mandhari.jpg

Alama ya ^ huagiza picha ijaze skrini yote, na -extent hukata kinachozidi. Chaguo la -auto-orient huigeuza picha isimame sawa kwa kufuata taarifa iliyoandikwa na simu. Wengine huongeza -strip ili kufuta taarifa za ndani, zikiwemo za mahali picha ilipopigwa, na kwa picha za wanafunzi nakubaliana nao. Ila chaguo hilo hufuta pia wasifu wa rangi. Simu za iPhone za miaka ya karibuni hurekodi kwa wasifu wa Display P3, na ukifutwa kabla rangi hazijahamishiwa sRGB, nyekundu hupauka. Hamisheni rangi kwanza, kisha futeni. Faili la asili likae katika folda ambayo wanafunzi wanaweza kuisoma lakini hawawezi kuiandika, kwa sababu mwakani maabara itapata skrini kubwa zaidi na mandhari.jpg ya mwaka huu haitatosha.