Nyungunyungu na Bustani ya Mwanachama

Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama



Najua wengi wenu mmezoea kuniona na leja mezani na kalamu nyekundu mkononi, na kwamba mkaguzi akisimama kusema, makatibu huanza kukumbuka hati za malipo zisizoonekana. Leo sikuja kuuliza hati. Nimekuja kuzungumza juu ya nyungunyungu, na juu ya sanduku ambalo kila mwanachama anaweza kulitengeneza nyumbani kwake ili apate mboji ya bustani.

Mtauliza: mkaguzi wa hesabu na nyungunyungu, wapi na wapi? Jibu limo katika vitabu vyenu wenyewe. Mwaka 2022 bei ya mbolea ya viwandani ilipanda duniani kote, na vita vya Ukraine vilizidisha hali hiyo. Mwezi Agosti mwaka huo Serikali yetu ilianza kutoa ruzuku ya mbolea, nayo ikawapunguzia wakulima mzigo. Lakini nilipopitia madaftari ya madeni na kuwahoji wanachama, niligundua jambo moja. Mfuko uliokopwa kwa ajili ya mahindi ulikuwa ukifika nyumbani unagawanywa: sehemu inakwenda shambani, na sehemu inakwenda kwenye mchicha, sukumawiki na nyanya za nyuma ya nyumba. Mahindi yakapungukiwa, mavuno yakawa haba, na deni likabaki kamili. Kwa maneno mengine, bustani ilikuwa inakula mkopo wa shamba.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja tu: bustani ilishwe kwa takataka za nyumbani, ili mbolea ya mkopo iende shambani ilikokusudiwa.

Mfanyakazi asiyedai mshahara

Nyungunyungu si mgeni kwetu. Vijana wanaovua kwa ndoana kando ya ziwa huwachimba wawe chambo. Kazi yake katika udongo imejulikana siku nyingi. Mtaalamu Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu ya viumbe hawa mwaka 1881. Nyungunyungu hula vitu vinavyooza, na kinyesi chake ni mboji laini, nyeusi, isiyonuka, ambayo mmea huitumia kwa urahisi. Udongo wa kichanga wa kandokando ya ziwa hupitisha maji upesi, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi. Mboji husaidia aina zote mbili: ule wa kwanza ushike maji, na ule wa pili ulainike.

Lakini si kila nyungunyungu anafaa. Yule mnene wa kijivu anayechimba chini sana hapendi kukaa sandukuni. Tunamtaka yule mdogo, mwekundu, anayekaa juujuu. Mtafuteni chini ya lundo la samadi ya zamani karibu na zizi, au chini ya majani yaliyooza kwenye mashina ya migomba. Anayepata wanaojaa bakuli moja ana mtaji wa kutosha kuanza. Wakipata chakula na unyevu, huzaana na kuongezeka maradufu kwa muda wa miezi miwili au mitatu.

Jinsi ya kutengeneza sanduku

Tumieni mbao kuukuu. Urefu uwe meta 1, upana nusu meta, na kina sentimeta 30 hivi. Kina kikizidi hapo, chini hukosa hewa na uchafu huanza kunuka. Asiye na mbao atumie ndoo au beseni lililopasuka. Toboeni matundu madogo chini ili maji ya ziada yatoke, na mengine ubavuni ili hewa iingie. Sanduku lisimame juu ya miguu minne, na kila mguu uwekwe ndani ya kopo lenye maji. Makopo hayo ndiyo askari wenu dhidi ya siafu, ambao wakiingia usiku mmoja hawaachi kitu. Juu funikeni kwa gunia lililoloanishwa, kisha mfuniko, maana kuku naye ana hesabu zake.

Sanduku likae kivulini, chini ya mwembe au nyuma ya jiko. Nyungunyungu hupenda ubaridi wa wastani. Joto likizidi nyuzi 35 hufa. Bati lililopigwa na jua la mchana la hapa Musoma litawapika.

Ndani, anzeni na matandiko ya sentimeta 15: majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyochanwa, na samadi iliyokwisha kupoa. Walio karibu na ziwa wanaweza kutumia magugu maji, mradi yakaushwe kabisa kwanza. Loanisheni matandiko hayo kiasi kwamba ukiyafinya mkononi yatoe matone mawili matatu tu. Maji ya bomba yenye dawa yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kutumiwa. Ongezeni konzi mbili za udongo, kisha waingizeni nyungunyungu na kuwaacha siku chache wazoee.

Chakula chao ni maganda ya ndizi, viazi na mboga, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Fukieni kidogo kidogo, kila mara mahali tofauti, na msiongeze kabla cha kwanza hakijaisha. Msiwape mafuta, chumvi, pilipili, malimau, nyama wala mabaki ya samaki. Hili la samaki nalisisitiza, kwa kuwa katika miji yetu ya ziwani hakuna jalala lisilo na vichwa vya sato na pumba za dagaa. Mabaki hayo huleta funza, panya na harufu, na jirani atakushitaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Makosa niliyoyafanya

Ndugu Mwenyekiti, mkaguzi hupenda kuandika makosa ya wenzake. Leo nayataja yangu. Sanduku langu la kwanza nilijaza mavi mabichi ya ng'ombe, nikidhani nawafanyia wema. Kumbe samadi mbichi hupata joto inapoanza kuoza. Asubuhi nilikuta nyungunyungu wametoroka, kuku wamewapokea mlangoni, na waliobaki ndani wamekufa. Mke wangu alinishauri nirudi kwenye leja zangu. Tangu hapo huingiza mkono ndani ya samadi kabla ya kuitumia. Nikisikia joto lolote, naiacha wiki kadhaa zaidi. Pia najihadhari na samadi ya ng'ombe aliyetoka kupewa dawa ya minyoo, kwa sababu dawa hiyo haibagui mnyoo wa tumboni na nyungunyungu wa sandukuni.

Kuvuna na kutumia

Baada ya miezi mitatu au minne mtaona matandiko yamegeuka kuwa kitu cheusi mfano wa unga wa kahawa. Sukumeni chote upande mmoja, na upande mwingine wekeni matandiko mapya na chakula. Baada ya wiki mbili au tatu nyungunyungu wengi watakuwa wamehama wenyewe, nanyi mtachota mboji. Katika kitalu, changanyeni sehemu moja ya mboji na sehemu tatu za udongo. Wakati wa kupandikiza nyanya au kabichi, tieni konzi moja katika kila shimo.

Hapa naomba tuwe wakweli kama tunavyotakiwa kuwa katika mizania. Sanduku la ukubwa niliotaja hutoa madebe mawili au matatu kwa mavuno mamoja. Debe moja la mboji lina uzito wa kilo 12 hivi. Ekari moja ya mahindi ikihitaji tani 2 za mboji, hayo ni madebe zaidi ya 160. Basi sanduku hili ni la bustani na kitalu. Mtu akiwaambia kwamba litalisha ekari tano za pamba, mwambieni awaonyeshe hesabu.

Tahadhari kwa makatibu

Nasema hivi kwa uchungu. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliuziwa nyungunyungu na mfanyabiashara aliyeahidi kwamba baadaye angenunua mboji yote kwa bei nzuri. Katibu alilipa kutoka mfuko wa chama bila idhini ya mkutano mkuu. Maboksi yaliposhushwa kwenye basi, viumbe wengi walikuwa wamekufa kwa joto, na simu ya mfanyabiashara haikupokelewa tena. Katibu yule hakuwa mwizi. Alikuwa kijana mwaminifu aliyetaka kuwaletea wanachama maendeleo. Hata hivyo taarifa niliiandika mimi mwenyewe, kama kazi inavyonitaka, na hadi nilipoondoka alikuwa akirudisha fedha hizo kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake. Laiti ningalitoa maelezo haya mapema, angalijua kwamba bidhaa aliyoilipia ilikuwa chini ya lundo la samadi, hatua chache kutoka ghala la chama.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwanza, kila chama kiweke sanduku moja la mfano nyuma ya ofisi, kwa mbao zilizopo na bila kugusa mfuko. Pili, katibu awe na daftari dogo la kuandika tarehe ya kuanza, kilichoingia na madebe yaliyotoka, ili wanachama waamini wanachokiona kwa macho. Tatu, nyungunyungu wakizidi, mwanachama ampe mwenzake bure. Ushirika wetu ulianza kwa mambo madogo ya namna hiyo.

Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Sisi tuliobaki na jembe hatuna sababu ya kuona haya kuinamia sanduku la takataka. Nikija kukagua safari ijayo nitaanza na leja, kama kawaida. Kisha nitaomba nionyeshwe nyuma ya ofisi.