Binti Anapoahidiwa Kazi ya Mbali

Akija mtu akuambie, "Nipe binti, nitampeleka mjini alee mtoto, nami nitamsomesha," uliza kwanza: nyumba ya nani, shule gani? Mara nyingi si mgeni. Ni jamaa au jirani. Nasi wa Kehancha tuko karibu na mpaka wa Isebania, mtoto huvushwa upesi.

Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 yasema anayemsafirisha mtoto ili amtumikishe ana hatia, hata mtoto akikubali. Kifungo si chini ya miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Naye aliyesafirishwa hana hatia kwa makosa yaliyotokana na kusafirishwa huko.

Kwa hiyo akirudi, usimfiche kwa aibu. Kama alinajisiwa, mlete hospitali kabla ya saa 72 kwisha, bila kumwogesha, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Zikipita, mlete vivyo hivyo. Kuna matibabu mengine. Na kama bado hajarudi, piga 116, simu ya watoto. Hailipishwi.